Uzoefu wangu na bunduki ya sponji: tepu ya bomba ilinipa nguvu, springi nene ikanitia adabu

Nianze kwa kukiri kwamba bunduki yenyewe siyo yangu, ni ya mpwa wangu wa miaka 9, ila ukimuuliza leo atakwambia ni ya anko, maana wiki tatu nzima ilikaa mezani kwangu ikiwa vipande vipande. Ni ile ya kuchezea ya kurusha vishale vya sponji, ya kawaida kabisa, haina betri wala mota, unaingiza kishale kimoja kwa mbele, unavuta kishikio nyuma mpaka inalia klak, unabonyeza triga, basi. Pembeni ina sehemu za kuchomeka vishale 4 vya akiba. Kwenye boksi haina jina la maana, lakini inakula vishale vilevile vya Nerf Elite (Nerf ni chapa maarufu ya hizi bunduki), yaani urefu kama sm 7, unene kama mm 13, uzito gramu moja na kidogo. Na watu tumezoea kuziita zote Nerf hata kama siyo, wakati Nerf yenyewe ilianza 1969 kama mpira wa sponji wa kurushiana ndani ya nyumba bila kuvunja kitu, mambo ya bunduki yalikuja miaka mingi baadaye.

Sasa shida yake, hii bunduki ilikuwa inatema, haipigi. Kishale kinatoka kwa huruma, kinaenda hatua chache kinainamisha kichwa kinalala. Dogo akaniuliza, "Anko, imechoka?" Imetoka kwenye boksi juzi halafu imechoka! Nikamwambia lete tuifungue, na hapo ndo safari ilipoanza.

Vifaa vyangu ni vya kawaida kabisa, msije mkadhani nina karakana. Bisibisi ndogo ya nyota, kibano cha nyusi cha mtu ambaye hakuombwa, msasa, kisu cha kukatia karatasi, tepu nyeupe ya mafundi bomba ile wanazungushia kwenye nyuzi za bomba, grisi ya silikoni na simu. Simu ni muhimu kuliko vyote, nitasema kwa nini.

Kufungua kwenyewe kulinichukua karibu saa nzima kwa ujinga wangu. Skrubu 11 nimetoa, nikawa navuta ganda haliachii, navuta haliachii, nikaanza kuingiza bisibisi kwenye ungio kama mtu anafungua kopo la rangi mpaka plastiki ikapata kidonda (bado kipo, dogo kaniambia nikifunike kwa stika). Kumbe skrubu ya 12 ilikuwa chini ya stika pembeni. Kwa hiyo kabla hujatumia nguvu pitisha kidole juu ya kila stika, ukisikia kishimo chini yake hapo pana skrubu. Na ule mdomo wa rangi ya chungwa huku mbele umeshika maganda yote mawili, unautoa kwanza taratibu, usiukate.

Kitu kingine, zile skrubu hazilingani urefu. Mi nilichora umbo la bunduki kwenye kipande cha boksi nikawa nachomeka kila skrubu palepale ilipotoka, hiyo nilifanya vizuri. Nilichofanya vibaya ni kunyanyua ganda la juu haraka, kuna springi ndogo ya triga, ndogo kama ya kalamu, iliruka ikapotea na tuliitafuta watu wawili tumelala kifudifudi na tochi ya simu mpaka dogo akaikuta ndani ya kiatu. Mara ya pili nikawa nafungulia ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, mikono ndani, kitu kikiruka kinabaki mfukoni. Unaonekana kituko lakini inasaidia. Na hakikisha haijavutwa unapofungua, ikiwa imekokiwa ile springi kubwa itakuchapa vidole. Piga picha pia kabla hujagusa chochote, siyo moja, piga kila upande, kwa sababu vile viplastiki vidogo ukishaviweka mezani vyote vinafanana na unaanza kubahatisha.

Ndani ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kuna silinda, ndani yake kuna pistoni, nyuma ya pistoni kuna springi. Ukivuta kishikio pistoni inarudi nyuma, springi inabanwa, ndoano ya plastiki inaishika. Triga inaiachia ndoano, springi inaisukuma pistoni mbele, hewa inabanwa, hewa inasukuma kishale. Yaani springi haigusi kishale hata kidogo, kinachokisukuma ni hewa. Hili nililisoma kwa macho yangu pale mezani halafu nikalisahau siku nne baadaye, mtaona.

Nikaitoa silinda na pistoni yake nje, nikaziba tundu la mbele kwa kidole gumba, nikasukuma pistoni. Ikaenda mpaka mwisho bila kipingamizi, pfff, kama pampu ya baiskeli iliyoisha washa. Hapo hata mtoto angejua. Pistoni ina oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje, ila ilikuwa imelegea kwenye mfereji wake mpaka ukiitikisa inacheza, hewa yote inapita pembeni inarudi nyuma.

Nikaitoa ile oringi, nikazungusha tepu ya bomba kwenye mfereji, nikairudisha oringi juu ya tepu ili itanuke kidogo iguse ukuta wa silinda. Mara ya kwanza nilizungusha raundi tano kwa tamaa. Pistoni ikaingia kama kizibo cha chupa, nikavuta kwa nguvu zote, springi ya watu ikashindwa hata kuirudisha. Nikapunguza hadi tatu, bado nzito. Raundi mbili ndo ikakaa penyewe, inateleza lakini ukiziba tundu inagoma, unasikia kabisa hewa inakusukuma kidole. Baada ya hapo grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele kinatosha, unazungusha mpaka ukuta ung'ae. Usipake yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoshika kutu, kuna mpira na plastiki havipatani nayo kabisa, oringi inaweza kuvimba au kukakamaa, na usipake mafuta ya kupikia kwa sababu yananasa vumbi na baada ya muda yanakuwa gundi.

Pia pale silinda inapokutana na mtutu palikuwa na uwazi, mwanga unapita. Nikazungusha tepu ileile nikabana. Nikafunga skrubu zote, zikabaki sifuri, nikajisikia injinia.

Sasa habari ya simu. Mi sipendi mtu anayesema "inapiga balaa" bila namba, kwa hiyo nikawa napima. Napima mita 5 kutoka mdomo wa bunduki mpaka kwenye karatasi ngumu ya boksi, simu naiweka chini katikati ya njia, yaani mita 2 na nusu kutoka kila upande, narekodi sauti. Halafu naifungua ile rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti, unaona kilele kimoja cha triga na kilele cha pili cha kishale kugonga boksi, unasoma muda katikati yao. Kwa nini simu iwe katikati, kwa sababu sauti nayo inachukua muda kusafiri, ukiiweka mwanzoni ile sauti ya kugonga inakufikia imechelewa na hesabu inaharibika, ikiwa katikati zote mbili zinasafiri umbali sawa na kosa linajifuta lenyewe. Nilikuwa napiga mara kumi nachukua wastani.

Kabla sijagusa kitu ilikuwa sekunde 0.31, ambayo ni kama mita 16 kwa sekunde. Baada ya tepu na grisi, sekunde 0.24, karibu mita 21 kwa sekunde. Springi ileile, kishale kilekile! Dogo alipoona kishale kinaenda moja kwa moja mpaka boksi likatikisika alinyamaza kwanza, halafu akasema "tena".

Ningeishia hapo huu uzoefu ungekuwa mfupi na mimi ningekuwa mtu mwenye busara.

Ila nilikuwa nishaagiza springi nene. Kuna springi zinauzwa kabisa kwa kazi hii, nzito kuliko ya kiwandani, na maelezo ya muuzaji ni ya kukufanya uone kama bila hiyo unapoteza muda. Ilipofika ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya zamani na waya wake umeshiba. Nikaiweka kama ilivyo, nikavuta kishikio, kikafika robo tatu kikagoma. Nikadhani nimekosea kufunga, nikafungua, nikafunga, kikagoma tena. Kumbe mizunguko ya springi ilikuwa imegusana yote, imekuwa bomba la chuma, haibanwi zaidi ya pale hata ukija na trekta, na ndoano ipo mbele ya hapo haijafikiwa. Nikakata mzunguko mmoja na nusu kwa koleo (vaa miwani, kile kipande kinaruka vibaya sana), ikakubali.

Kipimo kikasoma sekunde 0.19, mita 26 kwa sekunde. Hapo nilijiona. Lakini dogo hawezi kuikoki! Anaikumbatia kifuani anavuta kwa mikono miwili anakunja uso, mtoto mzima anatetemeka, nikawa namkokia mimi, mchezo gani huo wa kukokiwa na mtu mzima. Na ile ndoano ni ya plastiki, unene wake kama ukucha, ilitengenezwa kwa springi nyepesi. Mara kama ya arobaini ikapiga yenyewe bila kuguswa triga, dogo ameishika imeangalia ukutani, bahati. Nikafungua, kona ya ndoano imelika imekuwa mviringo na nyuma yake kuna ufa.

Nikaziba ufa kwa ile gundi ya kushika haraka. Ikadumu mapigo sita. Ile gundi ikikauka inakuwa kama kioo, haipendi kugongwa, inapenda kikombe kilichovunjika mkono. Nikaja na ile ya kuchanganya ya mirija miwili, nikatengeneza kona mpya kwa kipande cha skrubu nilichokilaza na kukipiga msasa, nikaacha siku nzima ikauke. Hiyo inashika mpaka leo, ila nimeirudisha springi ya zamani. Ile nene ipo kwenye droo, anayeitaka aje na mkono wake wenye misuli.

Kwa hiyo kama kuna springi unaipa nyota, mi naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilifika haraka. Siyo kwamba springi yenyewe ni mbovu, ni kwamba inauzwa peke yake kwa mtu ambaye ndoano yake, oringi yake na mtoto wake havijajiandaa.

Nilijaribu na mengine mawili nikiwa bado na kiherehere. La kwanza mtutu mrefu. Niliona kwa akili ya kawaida kwamba mtutu mrefu ni nguvu zaidi, nikaunganisha bomba jembamba la plastiki la sm 30 ambalo kishale kinapita kwa kubana kidogo, nakisukumia ndani kwa kijiti. Kilitoka kama kimeamshwa usingizini, sekunde 0.33, kibovu kuliko hata siku ya kwanza. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Silinda yangu kipenyo sm 2.5, pistoni inatembea sm 5, hewa yote iliyopo ndani ni kama sm za ujazo 24 na nusu. Mtutu wa mm 13 hewa hiyo inaujaza kwa urefu wa sm 18 na kidogo tu. Baada ya hapo hakuna tena kinachosukuma, kishale kinatembea kwa mazoea huku kinajikwaruza kwenye ukuta na hewa nyuma yake inaanza kukivuta kirudi. Bunduki zenye mtutu mrefu wa kweli zina silinda kubwa, ndo maana. Nikakata bomba likabaki sm 14 likawa sawasawa na mtutu wake wa asili, nikaona sasa nafanya nini, nikautoa.

La pili ni kile kivalvu. Ndani ya mtutu kuna kiplastiki chenye springi ndogo, kishale kikiingia kinakibonyeza na njia ya hewa inafunguka, kama hakuna kishale njia imefungwa. Watu wengi wa hizi kazi wanakitoboa kwa drili wanakitupa siku ya kwanza wakisema kinaziba hewa. Mi nilikitoa bila kukivunja nikapima, sekunde 0.24 ikawa 0.23, na huo utofauti mdogo hivyo sina uhakika ni kivalvu au ni mkono wangu. Nikakirudisha. Kinafanya kazi mbili ambazo hazionekani. Mtoto akipiga bila kishale, na watoto hupiga bila kishale mchana kutwa, hewa iliyofungiwa inakuwa mto wa pistoni isijigonge kwa nguvu zote mbele, bila hicho unavunja kichwa cha silinda. Halafu ile nguzo yake katikati ya mtutu inazuia kuingiza vitu visivyo kishale. Namjua mpwa wangu, ukimwachia tundu tupu kesho kuna penseli humo ndani.

Na hapa niwe serious kidogo. Kutoka mita 16 hadi 26 kwa sekunde unaona kama ni nyongeza ndogo, lakini nishati ya kugonga inakua kwa mraba wa kasi, kwa kishale cha gramu 1.1 ni kutoka kama juli (kipimo cha nishati) 0.14 hadi 0.37, zaidi ya mara mbili na nusu. Mkononi ni kama kibao cha mpira. Jichoni ni habari nyingine. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields kule London waliandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ Case Reports kuhusu wagonjwa watatu, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 11, waliovuja damu ndani ya jicho kwa kupigwa na vishale vya bunduki za aina hii, na ni vishale vya sponji tu. Kwa hiyo kwetu miwani ya kinga ni kabla ya bunduki, asiyevaa hachezi hata akilia. Vishale vilivyokakamaa kichwa au vya kuokoteza vyenye ncha ngumu natupa. Na rangi zake za chungwa na bluu nimeziacha hivyohivyo, kuna watu wanapaka nyeusi ipendeze kama ya kweli, sijui wanataka nini barabarani.

Hali ya mwisho sasa, ili mjue ninachokisifia ni kipi: springi ya kiwandani, tepu raundi mbili chini ya oringi, tepu kwenye ungio la mtutu, grisi, kivalvu kipo, ndoano yangu ya skrubu na gundi ya kuchanganya. Ina miezi minne. Mwezi wa pili ilianza kulegea, kasi ikashuka, nikafungua nikakuta grisi imekauka na tepu imejikunja upande mmoja, nikabadilisha kwa dakika kumi na tano kwa sababu sasa naifungua kama begi. Kwa bunduki yenyewe naipa nyota tatu, plastiki ya maganda ni nzuri na skrubu zake hazijaliwa vichwa pamoja na mateso yote, lakini kutoka kiwandani na oringi inayocheza vile ni uzembe, ni kitu cha nusu milimita ya mpira. Kwa tepu ya bomba na grisi nyota tano, na vingi vimebaki, nimeshawatengenezea watoto wa majirani wawili na mmoja wao yake ilikuwa nzima kabisa, oringi inabana vizuri, nikamrudishia bila kugusa, akaona nimemnyima.

Kuna jambo moja limebaki ambalo halijaisha. Mwishoni nilibandika kipande cha mm 2 cha kandambili ya zamani kwenye uso wa pistoni ili isiumie ikigonga mbele. Kazi safi, kasi haikupungua, ule mlio wa kugonga plastiki ukageuka kuwa "dup" laini. Nikampa dogo kwa majivuno. Akapiga mara moja, akaiangalia, akapiga tena, akanirudishia.

"Anko, umeiharibu. Hailii."

Nikamwonyesha namba kwenye simu, nikamwonyesha boksi lilivyobonyea. Hakutaka kusikia, anataka pa! Basi tumekubaliana nipunguze kandambili iwe mm 1 tuone kama mlio utarudi nusu, na hivi naandika hapa ipo mezani, skrubu 12 zimesimama kwenye boksi lake, yeye yupo mlangoni ameshavaa miwani.